Maswali ya Wasomaji: Ukishuka Kituo cha Pembezoni, Basi Gani Linakupokea?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu foleni ya asubuhi kati ya Tengeru na Sanawari, hapa Arusha, na ndani yake tukagusia, kwa aya moja tu, vituo vya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka katika njia yake maalumu, vilivyo pembezoni mwa Dar es Salaam na mabasi yanayopeleka abiria kwenye vituo hivyo. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata msomaji ambaye hakuandika, na tumezifupisha bila kugusa maana.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunatarajia kusafiri mwezi ujao kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, kwa sababu mama ana miadi Muhimbili. Tunaambiwa basi litatushusha Mbezi, si Ubungo kama zamani, na kwamba tukifika Kimara tutapanda mwendokasi. Naomba mtueleze hatua kwa hatua, maana wote tuna umri na tutakuwa na mizigo. (Mzee wa Rau, Moshi)

Jibu: Shikamoo mzee wetu, na tunamwombea mama nafuu.

Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo mwaka 2021, na tangu hapo kituo chake kikuu ni cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa tarehe 24 Februari mwaka huo. Kituo hicho kiko kando ya barabara ya Morogoro, kilomita kadhaa kabla ya kufika Kimara. Kimara ndipo ulipo mwisho wa njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Njia hiyo yenye urefu wa kilomita 21 hivi inafuata barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Shekilango, Manzese na Magomeni hadi Kivukoni, na ina matawi mawili: moja linachepuka Magomeni kwenda Morocco, na jingine linachepuka Fire kwenda Gerezani, Kariakoo. Kwa hiyo Kimara ni kituo cha pembezoni kwa maana kamili. Basi refu linalotembea katika njia yake peke yake linaishia pale, na anayekaa ng'ambo ya pale, iwe Temboni, Kwa Msuguri au Mbezi, hulifikia kwa basi jingine.

Basi hilo jingine ndilo linaloitwa basi la mlisho. Linatembea katika barabara ya kawaida pamoja na magari mengine yote, lakini likifika Kimara linaingia ndani ya kituo, na abiria wake anatembea hatua chache hadi kwenye jukwaa la mabasi ya njia kuu. Daladala nazo zinafanya safari hiyo hiyo, ila hukushusha nje, kando ya barabara, na itakubidi kutafuta kivuko, kuingia getini na kupanga foleni ya tiketi huku mmebeba mizigo. Kwa watu wenye umri wenu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya nauli. Mkifika Mbezi, ulizeni kwanza kama kuna basi la mlisho linalopakia saa hiyo, kwa sababu utaratibu wa mabasi hayo umekuwa ukibadilika. Wakati mwingine huwekwa hata mabasi yanayokwenda moja kwa moja mjini bila kubadilisha Kimara.

Mkiwa Kimara, msipande basi kwa sababu tu limefungua milango. Someni maandishi yaliyo juu ya kioo cha mbele, au mwulizeni mhudumu wa jukwaani, kwa kuwa jukwaa moja linaweza kutoa mabasi ya Kivukoni, ya Gerezani na ya Morocco. Kwa safari ya Muhimbili, basi la Kivukoni au la Gerezani litawafaa, kwa kuwa yote mawili yanafika Fire. Shukeni hapo, kwenye makutano ya barabara ya Morogoro na barabara ya Umoja wa Mataifa, kisha mchukue bajaji hadi getini kwa hospitali. Basi la Morocco litakuwa limekata kona Magomeni kabla ya kufika huko.

Jambo moja litawafurahisha. Mabasi yanayotoka Moshi alfajiri huingia Dar es Salaam alasiri au jioni, na saa hizo umati unatoka mjini kurudi Kimara, nanyi mtakuwa mnakwenda upande ulio kinyume. Msukumano wa Kimara unaozungumzwa sana ni wa asubuhi, kuanzia saa 12, wakati watu wanapojaa jukwaani hadi kwenye ukingo na mlango unapofunguka kila mtu anaingiza bega kwanza. Jioni, kwa anayekwenda mjini, mara nyingi kiti kinapatikana, na kwa kuwa sakafu ya basi refu iko sawasawa na jukwaa, mama hatahitaji kupanda ngazi mlangoni. Siku ya kurudi ndiyo yenye mashaka. Basi la Moshi la saa 12 asubuhi halimngojei mtu aliyecheleweshwa na mlisho, hivyo ni heri mkalale karibu na Mbezi usiku wa kuamkia safari.

Swali: Mimi nauza mboga na ndizi, na kila asubuhi natoka Usa River kwenda soko la Kilombero, Arusha, kwa gari moja. Mwandishi wenu alisifu mpango wa kushuka gari moja na kupanda jingine kituoni. Kwa nini mtu asifikishwe moja kwa moja anakokwenda? Kubadilisha gari si kumwongezea mnyonge nauli mbili na kumchelewesha? (Mama muuza mboga, Usa River)

Jibu: Mama, swali lako ndilo kiini cha mambo yote haya, na anayepanga usafiri wa mji bila kulijibu anapanga kwa ajili ya ramani, si kwa ajili ya watu. Hatusemi kwamba kubadilisha gari ni jambo jema lenyewe. Kila mara abiria anaposhuka ili apande tena, anapoteza kitu: muda wa kusubiri, kiti alichokwisha kukipata, na amani ya moyo, hasa akiwa na mzigo au mtoto mgongoni. Mpango wowote unaomtaka alipe gharama hiyo ni lazima umrudishie faida kubwa zaidi, na umrudishie kila siku.

Faida yenyewe inatoka wapi? Inatoka katika namna barabara inavyojaa. Magari madogo yanayotoka kila kitongoji, kila moja na abiria 15 au 20, yakitaka yote kufika katikati ya mji kwa saa moja, yanakutana katika barabara ile ile na kuzibana yenyewe kwa yenyewe. Basi moja la mita 18, kama yale ya Kimara, linabeba watu zaidi ya 100 na linachukua nafasi barabarani ya magari madogo matatu au manne tu. Likipewa na njia yake ambayo magari mengine hayaingii, dakika linazookoa kati ya pembezoni na mjini zinaweza kufidia kwa ziada dakika alizopoteza abiria alipobadilisha. Daladala nayo, badala ya kwenda kulala kwenye foleni ya mjini, inageuza kituoni na kurudi kitongojini kuchukua wengine, kwa hiyo gari lile lile linafanya safari nyingi zaidi kwa siku.

Lakini hesabu hiyo inakubali kwa masharti, na hapa ndipo miji mingi inapokosea. Sharti la kwanza ni nauli. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulipoanza mwaka 2016, nauli ya basi la mlisho peke yake ilikuwa shilingi 400, ya njia kuu peke yake shilingi 650, na anayetumia yote mawili alilipa shilingi 800 badala ya 1,050. Nauli zimepanda tangu wakati huo, lakini ile shilingi 250 iliyopunguzwa ilikuwa na maana kubwa, kwani ilimwambia abiria wa Mbezi kwamba kukaa mbali na njia kuu si kosa la kutozwa faini. Johannesburg na Pretoria, mabasi yanayounganisha vituo vya treni ya Gautrain humtoza aliyetoka kwenye treni nauli ndogo kuliko anayepanda basi peke yake. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambako mfumo wa TransMilenio ulianza Desemba 2000, wamekwenda mbali zaidi: mabasi ya mlisho ya rangi ya kijani yalipangwa ili abiria asilipe tena akibadilisha kwenye vituo vikubwa vya pembezoni. Pale anayekaa mlimani, mbali na barabara kuu, mara nyingi ni maskini kuliko anayekaa kando yake, na nauli moja ilikusudiwa kumlinda yeye.

Sharti la pili ni umbali wa kutembea. Ukishuka mlisho ukaona basi kubwa liko mbele yako ng'ambo ya jukwaa, umebadilisha gari. Ukishuka ukavuka barabara ya njia nne, ukapita kwenye tope na ukapanda ngazi, umeanza safari nyingine kabisa. Sharti la tatu ni kusubiri. Basi likija kila baada ya dakika 5, kwa wastani utasubiri kama dakika 2 na nusu, na hutaona uzito wake. Likija kila baada ya nusu saa, wastani wako ni robo saa, na siku ukilikosa kwa kitambo kidogo ni nusu saa nzima. Faida yote ya njia ya haraka imekwisha hapo.

Nawe una sharti la nne ambalo wataalamu hulisahau, nalo ni mkungu wa ndizi. Asubuhi za Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, gari halibebi watu peke yao. Kuna magunia juu, ndoo chini ya viti na mikungu mlangoni, na konda anajua mzigo wa nani unashuka wapi. Mfumo wa kisasa unaomkataza mama kuingia na kapu lake haujamhudumia mteja wake mkubwa. Kwa mtu wa aina yako, mama, tunakubaliana nawe kabisa: pale ambapo mzigo ni sehemu ya safari, gari la moja kwa moja lipaswa kubaki, hata kama ni kwa saa za alfajiri tu.

Swali: Nikienda Nairobi kwa shuttle kutoka Arusha, tukishapita Mlolongo naona mahali panaitwa Syokimau ambapo watu wengi wanashuka na kupanda. Je, hicho ni kituo cha aina mnayoizungumzia? (Mfanyabiashara, Ngarenaro)

Jibu: Ndiyo. Kituo cha treni za mjini cha Syokimau kilifunguliwa tarehe 13 Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, kikiwa na maegesho ya magari ili anayekaa pembezoni aache gari lake pale na aingie mjini kwa treni, akwepe foleni ya barabara ya Mombasa. Mwaka 2017 kituo kikuu cha reli mpya ya Mombasa kilifunguliwa karibu na hapo, mbali na katikati ya jiji, na ikalazimu kuweka treni za kuunganisha kati ya kituo hicho na stesheni ya zamani ya mjini, zikipangwa kufuatana na saa za treni kubwa. Ukiwa na safari ya Mombasa, waweza kumwomba dereva wa shuttle akushushe upande huo badala ya kuingia mjini na kutoka tena.

Swali: Kijana wangu anasoma Marekani na anakaa Skokie, nje ya Chicago. Ananiambia kwamba kila asubuhi anapanda basi hadi kituo cha Dempster, kisha treni, kisha treni nyingine, na hana wasiwasi wa kuchelewa. Mimi nashindwa kuelewa inawezekanaje, maana mimi kutoka Kiboriloni hadi mjini Moshi kwa gari moja tu nachelewa. (Baba, Kiboriloni)

Jibu: Baba, kituo anachokitumia kijana wako kina historia inayostahili kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa sababu kiliwahi kufa kikafufuka.

Kijiji cha Skokie zamani kiliitwa Niles Center. Treni za mjini zilifikishwa huko mwaka 1925, zikitumia reli ya kampuni ya North Shore iliyokuwa ikiunganisha Chicago na Milwaukee. Matarajio yalikuwa kwamba nyumba zitafuata reli, lakini nyumba zilichelewa. Mwaka 1940, kijiji kilipobadilishwa jina na kuitwa Skokie, kilikuwa na watu 7,172 tu. Abiria walikuwa wachache, na mwaka 1948 mamlaka ya usafiri ya Chicago iliondoa treni zake na kuweka basi. Kisha mji ukakua kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia: hesabu ya watu ya mwaka 1960 ilikuta watu 59,364. Kwa maneno mengine, treni iliondolewa miaka michache tu kabla ya abiria wake kuja. Januari 1963 kampuni ya North Shore nayo ikafunga kazi, na reli ikawa hatarini kung'olewa.

Badala ya kuiacha, mamlaka ya Chicago ilinunua kipande cha kilomita 8 hivi, na kwa kusaidiwa fedha za serikali kuu ikaanzisha huduma ya majaribio tarehe 20 Aprili 1964. Treni iliondoka Dempster, haikusimama popote, na ikafika Howard, ambako abiria alipata treni za kwenda katikati ya jiji. Kituoni Dempster walitengeneza maegesho ya magari, mahali pa mtu kushushwa na mwenzake, na mahali pa mabasi. Majaribio yalipangwa kuwa ya miaka 2, lakini abiria waliojitokeza walizidi makadirio tangu mwanzo, na huduma ingalipo hadi leo. Sasa inaitwa Njia ya Njano, na tangu mwaka 2012 ina kituo kimoja cha katikati, Oakton.

Sasa tuje kwenye kutokuwa na wasiwasi kwa kijana wako. Mabasi yanayofika Dempster ni ya mashirika mawili tofauti. Basi namba 97 ni la mamlaka ile ile inayoendesha treni, na linahudumia mitaa ya Skokie hadi kwenye maduka ya Old Orchard. Basi namba 250 ni la Pace, shirika la mabasi ya vitongoji, na linafuata barabara ya Dempster kutoka Evanston kupitia Skokie hadi Des Plaines, kisha uwanja wa ndege wa O'Hare. Ni mashirika mawili, lakini kadi ni moja, inaitwa Ventra, na anayebadilisha chombo ndani ya saa 2 haanzi kulipa nauli upya, bali huongeza kiasi kidogo tu. Tena saa za basi zimeandikwa na kutangazwa, hivyo anajua atoke nyumbani saa ngapi. Kwako Kiboriloni gari ni moja, lakini saa yake ya kuondoka hakuna anayeijua, hata dereva mwenyewe. Ndiyo maana mwenye vyombo vitatu anafika kwa wakati, na mwenye kimoja anachelewa.

Swali: Mimi ni muuguzi wa hospitali ya KCMC. Nikitoka zamu ya usiku nakuta Hiace imepaki, ina abiria wanne, na dereva hatatoka hadi ijae. Kwa nini LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, isiwalazimishe waondoke kwa saa? (Muuguzi, Moshi)

Jibu: Dada, pole kwa kazi. Kabla ya kumlaumu dereva, tazama anavyolipwa. Asubuhi anachukua gari la mtu, na jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Mafuta ni juu yake, na konda anamtegemea yeye. Akiondoka na watu wanne, anachoma mafuta yake ili wewe uwahi kulala. Hakuna amri itakayodumu ikiwa kila anayeitii anarudi nyumbani mikono mitupu. Utaratibu huu huu ndio unaozaa kukatisha ruti, pale gari linapowamwaga abiria njiani na kugeuza kwa sababu upande wa pili kuna watu wengi zaidi.

Mahali ambapo mabasi ya mlisho yanaondoka kwa saa, dereva ni mwajiriwa wa mshahara, na kampuni yake haiishi kwa sarafu zinazotolewa mlangoni. Nauli zinaingia katika mfuko mmoja, na kutoka humo kampuni inalipwa kwa mkataba, mara nyingi kwa kilomita ilizotembea kama ilivyopangiwa, na inakatwa ikikosa safari. Basi la saa 1 asubuhi lenye watu wanne limeshalipiwa, kwa hiyo linaondoka. LATRA, iliyoanzishwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu, inapanga nauli na kutoa leseni za njia, lakini mkataba wa namna hiyo unahitaji mtu wa kulipa tofauti pale nauli zisipotosha, yaani halmashauri au serikali. KCMC ni mahali pazuri mno pa kuanzia: zamu zinajulikana, idadi ya watumishi inajulikana, na wagonjwa wanakuja kila siku. Uongozi wa hospitali na wamiliki wa magari ya njia hiyo wakikubaliana juu ya magari machache ya saa maalumu, alfajiri na baada ya zamu, huku hospitali ikihakikisha kiwango cha chini cha malipo kwa safari hizo, litakuwa jambo dogo kwa bajeti na kubwa kwa muuguzi aliyesimama usiku kucha.

Swali: Je, bodaboda na bajaji hazitoshi kuwa mlisho? (Dereva wa bajaji, Njiro)

Jibu: Zinatosha kwa kipande cha mwisho, kutoka kituoni hadi mlangoni kwa mtu, hasa kwenye vichochoro visivyopitika kwa Hiace. Hazitoshi kwa kila mtu kila siku, kwa sababu mwenye kipato kidogo hawezi kulipa bodaboda asubuhi na jioni kisha alipe na basi, na mvua za masika zikianza mwenye mtoto hana namna. Tunachokitaka kwa ajili yenu ni kwamba mwenye kujenga kituo awatengee eneo lenu, lenye kivuli na njia ya kuingilia na kutokea, karibu na geti lakini si mbele yake. Mkiachwa bila mahali, mtajipanga mlangoni, na basi la mlisho litakosa pa kusimama.

Swali: Mimi ni kijana wa Sakina. Arusha imekua, foleni inatuua. Kwa nini na sisi tusijengewe treni ya mjini yenye vituo vya pembezoni kama Tengeru, Ngaramtoni na Kisongo? Reli si ipo tayari? (Kijana, Sakina)

Jibu: Reli ipo. Ile inayotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na baada ya miaka mingi ya ukimya treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Lakini ni reli ya safari ndefu, na haikuwekwa kwa kufuata mahali watu wanapokaa leo. Watu wamejipanga kando ya barabara kuu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, wakati Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kwa mji wa ukubwa wetu, hatuoni sababu ya kuanza na kitu cha gharama kubwa kama treni ya mjini.

Tunaloliona, na tunalisema kwa uzito, ni kwamba nusu ya kazi imeshafanyika bila sisi kuitumia. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ina njia nne, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inapaswa kuyapunguza malori ya safari ndefu yanayokatiza mjini. Basi kubwa linalotembea Tengeru hadi Sakina, na baadaye hadi Ngaramtoni, kila baada ya dakika chache, na kupewa njia yake walau saa za asubuhi na jioni, lingekuwa njia kuu yetu. Halihitaji majukwaa ya gharama. Linahitaji vituo viwili vya pembezoni vilivyofikiriwa vizuri.

Chukua Tengeru. Leo abiria anayeshuka kutoka Nkoaranga au Patandi anafika barabarani, anavuka magari yaendayo kasi, anasimama juani mahali ambapo Hiace za mjini huja zikiwa zimeshajaa kutoka Usa River, na analipa nauli nzima upya. Siku ya gulio anafanya hayo yote akiwa katikati ya mikokoteni na mafungu ya nyanya yaliyomwagwa hadi kwenye ukingo wa lami. Kituo cha kweli pale kingekuwa na paa refu, upande mmoja yakiingia mabasi ya mlisho kutoka juu mlimani na upande wa pili likisimama basi kubwa. Kingekuwa na choo, taa, na eneo la mizigo karibu na soko. Na kingekuwa na tiketi moja ya safari nzima. Wenye Hiace wa njia za ndani wasifukuzwe, wapewe mikataba ya kuendesha mabasi ya mlisho, kwa kuwa wao ndio wanaozijua njia hizo, mvua na kiangazi.

Ngaramtoni ni vivyo hivyo, ila hapo pana afueni kwamba nafasi bado ipo. Kisongo tungeisubirisha kidogo, kwa kuwa wengi wanaotoka huko wanaishia Mbauda na Majengo, na gari la moja kwa moja bado linawafaa kuliko kubadilisha.

Halmashauri ikitaka kujaribu kabla ya kujenga, ianze na mambo mawili yasiyohitaji tofali: nauli moja kwa anayebadilisha Tengeru, na saa ya kuondoka iliyobandikwa ukutani na kuheshimiwa. Baada ya miezi michache ya masika itajulikana ni abiria wangapi wamebaki na utaratibu huo, na paa lijengwe kwa ukubwa wa umati utakaoonekana.